Keja ya Tantine: Ndoo Kwanza, Disko Baadaye

Mgeni wa kwanza alikam na begi mbili, akalala siku mbili, akalipa doh yote bila noma. Akiwa kwa mlango anatoka, akamgeukia Tantine na swali moja tu: "Mama, chumba iko muzuri. Lakini seau iko wapi?"

Seau ni ndoo. Wasee, mimi nilikuwa nimeweka mataa ya kubadilisha rangi nyuma ya kitanda. Nilikuwa nimebandika plastiki ya kuigiza matofali ukuta mzima. Nilikuwa nimeangusha kapeti ya manyoya, nyeupe pe, kwa mji wenye vumbi nyekundu kama kutu. Msee amelala ndani ya hiyo disko yote, na kitu anaulizia ni ndoo, juu maji ilipotea mangware na hakuwa na chochote cha kujimwagia.

Tantine hakusema kitu mpaka mgeni akapanda moto na kuhepa. Halafu akanicheki. "Ile makuta yote umekula juu ya ampoule ya rangi?" Makuta ni ganji, ampoule ni balbu. Sikuwa na jibu.

Wacha nijieleze kidogo. Nilizaliwa Lubumbashi, nikakulia Kawangware, Nairobi, ndio maana nabonga hivi. Vijana wa hapa L'shi wana yao wanaiita Kindubile, Kiswahili kilichochanganywa na Kifaransa na Lingala, na mizizi yake ni ya mbali, inafika kwa wale mabarobaro wa Kinshasa wa miaka ya 1950 waliocheki sinema za makauboi wakaanza kujiita Bills. Mimi nikiongea Sheng wananicheka. Wao wakidondoa Kindubile, nashika nusu. Tunaelewana kwa bukari, yaani ugali, na mpira.

Nilirudi kumsaidia Tantine, dadake mathe. Ana ploti Bel-Air, komini ya Kampemba, na huko nyuma kuna kanyumba ka chumba moja, kajikoni na choo. Wapangaji wa mwezi walikuwa wanamzungusha na rent, akaamua ageuze iwe meublé, sisi tunatamka "meble": unaingia na begi yako tu, kila kitu utakikuta ndani, unalipa kwa siku. Wateja L'shi hawakosekani. Kuna wasee wa kontrati wanaopitia hapa wakielekea migodi ya Likasi na Kolwezi. Kuna wamama wa biashara wanaotoka Kasumbalesa, kule mpaka na Zambia, kama kilomita 90 hivi. Kuna familia zinakuja harusi. Na timu ya TP Mazembe ikiwa na mechi kubwa uwanjani Kamalondo, hata mwenye kochi lililochanika anapata mtu wa kulilalia.

Bajeti ilikuwa dola 200. Mimi nikachoma 120 kwa mambo ya kuposti. Zilibaki 80, na hizo ndizo zilinifunza wera.

Disko lenyewe halikumaliza msimu. Stima ilipotea jioni moja, ikarudi usiku na nguvu za ajabu, mataa yote ya rangi yakalia tii, yakazima milele. Kapeti ilishakuwa rangi ya barabara. Ile plastiki ya matofali ilianza kubanduka kwa pembe na joto la Oktoba, na mvua ya kwanza ya Novemba ilipoleta unyevu kwa ukuta, ikashuka yote usiku mmoja kama ngozi ya nyoka. Tantine alipoiona chini akacheka mpaka akakaa. Nilikuwa nimenunua picha ya matofali, kwa doh ya kweli, kwa mji unaochoma matofali.

Na si matofali ya mchezo. Toka nje ya mji upande wowote utaona vichuguu vimesimama virefu kushinda nyumba, mchwa wamevijenga miaka na mikaka. Ule udongo wao ni mzuri ajabu: umeshasagwa, unashikana, hauna mawe. Watu wanaubomoa, wanaukanda, wanaupanga tanuri, wanauchoma. Sehemu kubwa ya hizi cité unazoziona imetoka tumboni mwa kichuguu. Jirani alikuwa amemaliza kujenga ukuta, amebakisha kalundo ka matofali. Tukaongea, akatuachia kwa bei ya kirafiki. Hapo ndipo hizi 80 zilianza kufanya kazi.

Kwanza maji. Tulinunua pipa ya plastiki, ya bluu, lita 200. Fundi akatoboa chini akafunga koki na mpira wa kuzuia kuvuja. Sasa sikiza hapa, juu wasee wengi huanguka hapa: lita 200 ni kilo 200. Ukiiweka juu ya meza ya mbao, siku moja utaamshwa na mafuriko. Tulijenga nguzo mbili za matofali, zikapita mita moja kidogo, juu tukalaza slabu ya simenti. Pipa ikikaa juu, maji yanateremka yenyewe mpaka sinki na choo, hakuna pampu, hakuna stima. Kwa bomba kukiwa na maji, mara nyingi usiku, Tantine anafungua mpira anaijaza. Bomba ikikauka, mgeni hata hajui. Funika pipa vizuri, mbu wasizalie ndani, na uioshe kila mwezi. Nyuma ya mlango wa choo sasa kuna ndoo, beseni na kikombe kikubwa cha kujimwagia. Vyote vitatu vimekula doh kidogo kuliko ile taa moja ya rangi.

Halafu giza. Msee wa Nairobi hushangaa: mji umekalia shaba, umeme unapotelea wapi? Ukweli ni kwamba sehemu ya stima ya huku inatoka bwawa la Inga, kwa mto Kongo, upande ule mwingine wa nchi. Laini yake ina kama kilomita 1,700. Ilimalizwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, ikavutwa mpaka Kolwezi kwa sababu ya migodi, na njiani inapita juu ya vijiji ambavyo havijawahi kuwasha hata balbu. Hiyo waya haikuvutwa juu ya kitanda chako, na mgodi bado unakula kwanza. Kwa hivyo ukitengeneza keja ya wageni L'shi, usiipange ukidhani stima ipo. Ipange kama hakuna, halafu ikirudi iwe bonasi.

Zile balbu za kuchaji, zinazobaki zimewaka stima ikipotea, ziko soko lolote. Weka tatu: kando ya kitanda, chooni, na kwa ngazi ya mlango. Ya ngazi usiisahau, juu mgeni akiingia usiku kwa ploti asiyoijua, hapo ndipo anavunja mguu. Ukiwa na kadoh zaidi, chukua paneli ndogo ya jua na betri ya kuendesha taa na simu, lakini usikope juu yake. Kifaa cha kukinga vitu stima inaporudi na hasira, hicho nunua hata kama utalala njaa. Mimi nilikinunua baada ya msiba.

Kuna kitu kingine ambacho mtu wa hapa hawezi kukifikiria, mimi nilikijua kwa kuumia. Siku yangu ya kwanza L'shi nilitoa chaja yangu ya Kenya, miguu mitatu minene. Ukuta una mashimo mawili ya duara. Nikabaki nimeishika kama mjinga. Sasa fikiria dereva wa Zambia, mfanyabiashara wa Tanzania, Mkenya wa kontrati: wote wana ile ya miguu mitatu. Tangu Kongo iingie Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, nasikia lafudhi za Dar na Nairobi mtaani mara nyingi kuliko zamani. Adapta ni bei ya soda mbili tatu. Niliweka mbili kwa ekstensheni kando ya kitanda, na hakuna kitu kingine chochote kwa hiyo nyumba kimesifiwa na wageni wa nje kama hizo adapta. Zinaibiwa pia. Nimeshabadilisha mara nne. Bado inalipa.

Baridi sasa. Unasikia Kongo unafikiria joto, msitu na jasho. L'shi iko juu, zaidi ya mita 1,200, na usiku wa Juni na Julai baridi inashuka chini ya digrii 10. Wasee wa Kinshasa wanatua Luano, uwanja wa ndege wa hapa, na shati ya mikono mifupi, jioni wanatafuta koti kama wanatafuta maji. Blanketi mbili nzito kwa kila kitanda, za mitumba, zile Wazambia wanaita salaula, ukizichagua kwa mkono na kuzifua na maji moto zinakaa kama mpya. Mapazia mazito, yaguse sakafu. Na chini ya mlango, Tantine alishona kanyoka ka kitambaa, akakajaza vipande vya nguo kuukuu. Unakasukuma kwa mwanya, upepo unakwama nje na vumbi pia. Haikugharimu kitu. Mimi nilidhani ni kitu ya shosho, nikakadharau mpaka nililala huko usiku mmoja wa Julai.

Hapo hapo, maneno ya ukali kidogo. Kuna mgeni aliingiza mbabula ndani apate joto, na madirisha yamefungwa. Mbabula ni jiko la makala. Ile hewa mbaya ya makala haina harufu, haikohozi mtu, inakulaza tu, na huamki. Tulimgongea mlango mapema, akatoka na kichwa kinamuuma, tukashukuru Mungu. Sasa mbabula inakaa kibarazani, chini ya kipaa cha bati tulichoijengea, na kwa mlango kuna karatasi yenye Kiswahili na Kifaransa: makala haiingii ndani. Ukifanya jambo moja tu kati ya haya yote nimeandika, fanya hilo.

Jikoni sina mengi. Sufuria mbili, sahani, kisu kinachokata, na mwiko mzito wa bukari, juu mtu wa huku Katanga hawezi kusonga bukari na kijiko cha plastiki. Kwa kafriji Tantine anaweka chupa ya munkoyo aliyotengeneza mwenyewe, kile kinywaji cha mahindi. Wengine wanaimaliza kabla ya kufungua begi. Wengine hawaigusi, sisi tunainywa.

Kuta ndizo nilitaka kufikia. Hapa ndipo roho yangu iko.

Baada ya plastiki kuanguka, ukuta ulibaki na makovu ya gundi. Tukakwangua, tukaziba nyufa, tukapaka. Nilitaka nyeupe tena. Fundi wa rangi akanicheka, akanionyesha nyumba za jirani: chini, kama mita moja kutoka sakafu, wote wamepaka rangi nzito, kahawia au kijivu, ya mafuta. Juu ndio rangi ya maji, hafifu. Ile ya chini inapokea mabegi, viatu, mikono ya watoto na vumbi lote, unapitisha kitambaa chenye sabuni, imeisha. Tulichagua kahawia ya kufanana na udongo wa ua wenyewe. Vumbi likija halionekani. Zile tofali zilizobaki zikawa meza mbili za kando ya kitanda: tofali, ubao, msasa, vanishi. Wageni wanauliza tulizinunua wapi.

Lakini nyuma ya kitanda kulikuwa kutupu, na picha za kubandika zenye Paris usiku sikutaka tena. Tantine ndiye alinikumbusha. Akasema zamani, alipokuwa msichana, kila sebule ya mfanyakazi hapa ilikuwa na tablo, picha ya kuchorwa kwa mkono, imenunuliwa mlangoni kwa mchoraji anayepita nazo. Mamba muntu, yule mwanamke wa nusu samaki anayekupa utajiri halafu anadai roho yako iwe yake peke yake. Au Colonie belge, askari anamchapa mfungwa fimbo, Mbelgiji amesimama anacheki. Watu walikaa chini ya picha hizo wakila, wakibishana siasa, wakilea watoto.

Na si hadithi ya Tantine tu. Tshibumba Kanda Matulu alikuwa mmoja wa hao wachoraji. Mwaka 1973 na 1974 alimchorea msomi mmoja, Johannes Fabian, historia ya nchi nzima, picha zaidi ya 100, juu ya kitambaa cha magunia ya unga, huku akizieleza kwa Kiswahili cha hapa hapa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 akapotea, hakuonekana tena. Kitabu chenye picha hizo kilitoka mwaka 1996. Kabla ya Tshibumba, mwaka 1946, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya wachoraji hapa mjini, Le Hangar, ikatoa watu kama Pilipili Mulongoy, na samaki na ndege wake ambao ukiwatazama sana unaona wanapumua. Sasa niambie, mji wenye historia hiyo, mimi nilikuwa nalipia picha ya matofali.

Nikatafuta kijana wa shule ya sanaa, Beaux-Arts, akaja na rangi zake. Nikamwambia: mamba muntu, kubwa, nyuma ya kitanda. Tantine akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Hapana! Mamba muntu hapana. Bageni balikuya kulala, hapana kulala na shetani."

Nikajaribu kumweleza ni sanaa, iko hata ng'ambo kwa majumba ya makumbusho. Akasema basi wakailalie huko. Yeye ni mama wa kwaya, nyumba ni yake, nikanyamaza. Na tukiwa wakweli, kumweka mamba muntu kwa keja ambayo mpwa wa Tantine tayari ameshakula dola 120 kwa tamaa ya doh ya haraka, ingekuwa ni kunichora mimi.

Tulikubaliana kitu ambacho kila mtu wa L'shi anakijua akiwa bado tumboni: shimine, lile bomba refu la moshi la kampuni ya shaba ya Gécamines, na ule mlima mweusi wa mabaki ya shaba kando yake, vyote vya tanuri lililoanza kutoa shaba mwaka 1911, mwaka mmoja tu baada ya mji kuanzishwa. Kijana akaichora ukuta mzima, moja kwa moja juu ya plasta, na anga la machungwa la saa kumi na mbili jioni. Juu ya mlima akaweka ndege watatu wa Pilipili, hao ni wazo lake. Siku mbili. Tulimlipa dola 25 na bukari na sombe, yaani kisamvu, mara nne, na jina lake liko pale chini kwa pembe, kama inavyotakiwa. Ukimwita mchoraji, mlipe na umwache aweke sahihi yake. Hiyo ya kuwaambia vijana "tutakutangaza" ni wizi.

Ule ukuta ndio umebadilisha biashara. Picha zake Tantine anazitupa kwa WhatsApp, wageni nao wanajipiga mbele yake wanaziweka kwa stetasi zao, na mtu anapiga simu anauliza "ile chumba ya shimine". Mzee mmoja aliyefanya kazi miaka mingi kampuni alikaa kwa kitanda akaitazama kimya muda mrefu. Akasema moshi haupo. Kweli, kijana hakuchora moshi. Mzee akasema ni sawa, siku hizi ndivyo ilivyo.

Niliongeza pia katembo ka malakiti, lile jiwe la kijani la huku, nikakaweka juu ya meza ya tofali. Kalikaa wiki mbili. Kama ni wewe ulikabeba, Mungu anakuona. Vitu vya kuwekwa chumbani viwe vya kutundikwa na msumari, au viwe vizito.

Hesabu basi. Pipa, koki na slabu, balbu tatu, kinga ya stima, adapta, rangi, mchoraji: zile 80 hazikutosha, tuliongezea karibu 50 kutoka kwa wageni wa kwanza. Bado ni karibu sawa na disko langu lililokufa. Tantine amefungua daftari, anaandika kila anayeingia na kila senti, na kwa ukurasa wa kwanza, juu kabisa, ameandika deni langu: dola 120. Nalilipa kidogo kidogo kwa kufua mashuka.

Ukikam L'shi kwa mechi, beba koti. Ndoo iko nyuma ya mlango. Na tafadhali, buda, adapta uiwache kwa ukuta.